Bega Lililopona

Kipa mmoja wa Korea alikuwa na lango alilolilinda tangu ujanani hadi alipoota mvi. Jina lake lilikuwa Gil Deok-su, Gil likiwa jina la ukoo, kwa kuwa kwao ukoo hutangulia. Timu yake ilikuwa ya mji mmoja wa pwani wenye karakana za kuunda meli, na watu wa mji ule, ambao kutwa huchomelea vyuma, walimwita Komeo. Timu tajiri za mji mkuu zilimtaka, akakataa. Mara moja aliitwa timu ya taifa, akaenda nayo ng'ambo kwenye mashindano makubwa, akakaa benchi tangu mchezo wa kwanza hadi wa mwisho bila kuvua koti la mazoezi, akarudi nyumbani asinung'unike. Makocha walikuja wakaondoka. Mabeki walioa, wakastaafu, wakafungua mikahawa. Yeye alibaki pale pale, kati ya milingoti miwili.

Kwa watu wale umri ni cheo. Mdogo hagusi chakula kabla mkubwa hajaanza kula. Akimpa kitu humpa kwa mikono miwili. Wala hamwiti kwa jina tupu, humwita kaka. Ni desturi njema, nayo imelea nyumba nyingi. Deok-su alipokuwa mdogo aliitii, akabeba mifuko ya mipira na kufua glavu za waliomtangulia. Sasa waliomtangulia walikuwa wamekwisha, na yeye ndiye aliyekuwa kaka wa wote.

Jambo lenyewe lilianza kwa huruma. Msimu mmoja bega lake la kulia lilitoka mahali pake, likapasuliwa na kushonwa. Aliporudi mazoezini, kocha aliwaambia washambuliaji wampigie taratibu, karibu na mikono, mpaka bega likae sawa. Wakafanya hivyo, na baada ya miezi kadhaa bega likapona. Hapo ilitakiwa mmoja wao awe wa kwanza kumpigia tena mkwaju wa kweli, na hakupatikana. Kila mmoja aliwaza: nikiutia wavuni, si nitakuwa nimemwaibisha kaka mbele ya wadogo zake? Akamwachia mwenzake, na mwenzake akamwachia mwingine. Kocha yule akaondoka, akaja mwingine asiyejua habari za bega. Vijana wapya waliposajiliwa waliona wakubwa wao wakipiga namna ile, wakadhani ndiyo heshima ya pale. Hivyo dawa ikageuka chakula.

Deok-su hakujua. Mazoezini alidaka kila kitu, akatoka uwanjani na moyo mweupe. Siku ya mechi walikuja wageni, na mgeni hana kaka katika lango la mwenzake. Mipira ikampita. Mara alilaumu jua, mara nyasi zenye maji, na mara nyingi zaidi aliwalaumu mabeki. Nao waliinamisha vichwa wakaomba radhi, kwa maana kaka akisema kosa ni lako, basi ni lako. Beki mmoja kijana, Bang Chi-won, aliomba radhi mara nyingi hata kocha akaamini kwamba kweli yeye ndiye mbovu, akamwondoa kikosini. Mashabiki wa ugenini walimwimbia Deok-su kwamba komeo limeshika kutu, watu wa mji wa vyuma wanashindwaje kufua jingine. Timu ikateremka, ikateremka, mpaka ikabaki mechi moja: wakifungwa hiyo, wanashuka daraja, na mji ule unapoteza kitu pekee ulichokuwa ukijivunia siku ya mapumziko.

Aliyeyajua yote hayo kuliko wengine ni kipa wa akiba, Seo In-ho, aliyekuwa amengoja benchi miaka mingi. Lakini angesema nini? Ukweli ule ungempa yeye nafasi, na ukweli wenye faida kwa msemaji hunuka tamaa. Akanyamaza.

Wiki ya mechi ile, Sun-ye, mke wa Deok-su, alikuwa jikoni akipaka kabichi pilipili na chumvi ziwe akiba ya majira ya baridi. Akamuuliza mumewe, bila kuinua macho, inakuwaje mtu anarudi kutoka mazoezini akiwa simba na kutoka kwenye mechi akiwa paka, na mikono ni ile ile. Deok-su akamjibu kwamba mke hayajui mambo ya mpira. Mkewe akasema ni kweli, hayajui, ndiyo maana anauliza.

Swali likamkaa. Kesho yake alifika uwanjani mapema kuliko kawaida, akaketi ndani ya ujia wa kuingilia uwanjani akifunga viatu. Nje, In-ho alikuwa ameanza kupigiwa. Deok-su akasikia mpira ukigonga glavu kwa mlio mkavu, kama ubao unaovunjika. Akaacha kamba. Alijaribu kukumbuka ni lini aliusikia mlio ule mazoezini katika mikono yake mwenyewe, asikumbuke. Akatoka, akasimama golini, wakaanza kumpigia yeye, na mlio ukawa mwingine, mpole, kama wa mto wa kulalia unaotupwa kitandani.

Akamwita In-ho pembeni, akamtaka amweleze. In-ho akajaribu kusema kwamba kila kipa ana namna yake ya mazoezi. Deok-su akamwambia hamuulizi kama kaka, anamuuliza kama kipa. In-ho akatazama chini.

"Kaka, wewe tunakupigia mikononi," akasema. "Tangu lile bega."

Kwanza Deok-su alipandwa na hasira, akamwona In-ho kuwa mtu anayetaka kumrithi angali hai. Kisha akamkumbuka Chi-won, jinsi alivyokuwa akiinama. Akarudi golini, akawataka vijana wampigie kama wanavyompigia adui. Hakuna aliyesogea. Wakamsihi, mmoja akasingizia mguu unamuuma. Ndipo Deok-su alipoishika desturi ile ile iliyowafumba midomo, akawaambia kwamba yeye ndiye mkubwa pale, na hiyo ni amri. Wakapiga. Michache aliidaka. Mingi ilimpita kabla mkono haujanyooka, na mmoja ulimgonga kifuani ukamketisha. Aliyeupiga akakimbia kumwinua huku akilia, naye akamwambia arudi nyuma apige tena.

Walipomaliza alibaki kwenye nyasi. Mipira iliyompita haikumuuma sana. Kilichomuuma ni kwamba hakuweza kujua kama alikuwa amezeeka au alikuwa amelegezwa. Huenda kama wangalimpigia kwa nguvu tangu bega lilipopona, mikono yake ingalikuwa na msimu mwingine ndani yake. Huenda isingalikuwa nao. Waliomheshimu walikuwa wamemnyang'anya hata nafasi ya kujua.

Akaenda kwa kocha, akamwambia In-ho ndiye asimame golini, na kwamba makosa aliyobebeshwa Chi-won yalikuwa yake mwenyewe. Kisha akaenda hadi nyumbani kwa Chi-won, na pale mlangoni mkubwa akamwinamia mdogo. Chi-won hakujua aweke wapi uso wake. Akapiga magoti ili awe chini zaidi. Wakakaa hivyo kwa muda, kila mmoja akingoja mwenzake ainuke, mpaka mama wa Chi-won alipotoka na kuwaambia waingie ndani, baridi inaingia.

Siku ya mechi Chi-won alirudi kikosini na In-ho akalinda lango. Alifungwa bao moja, akazuia mengine ambayo mji mzima uliyaona yameshaingia. Timu ikatoka sare, na sare ilitosha. Deok-su alikaa benchi, na hakuna aliyeimba jina lake.

Basi wewe ambaye neno lako halipingwi nyumbani, na mzaha wako huchekwa kazini hata usipochekesha: hao wakupendao, mpira wanakupigia wapi?