Jina la Mlangoni

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Nawapa kisa ambacho mimi mwenyewe kimenishinda kuamua, na nikimaliza nitawaachia ninyi.

Kulikuwa na watu watatu katika mji mmoja wa milimani, upande wa Tukuyu. Wa kwanza alikuwa daktari, Gwamaka, na kipaji chake kilikuwa kuuliza. Wa pili alikuwa muuguzi, Subilaga, na kipaji chake kilikuwa uaminifu: akiahidi jambo atalitimiza, hata ukimlilia. Wa tatu, Bupe, alikuwa mkulima wa ndizi, wala hakujua kama ana kipaji chochote. Huyu ndiye nitakayemfuata, kwa sababu ndiye aliyebaki peke yake.

Asubuhi moja ya mvua Bupe alifika kwenye chumba cha wagonjwa wa dharura, mumewe Lusajo kabebwa mgongoni na jirani. Lusajo alikuwa amejikata mguu kwa panga akipogoa chai, akaufunga kitambaa, akasema utapona wenyewe. Sasa mguu umevimba, mwili unachemka, presha imeshuka, na alikuwa akimwita Bupe kwa jina la marehemu bibi yake.

Hapo ndipo kazi ya Gwamaka inapoingia. Katika hospitali ile, mgonjwa wa namna hiyo alimiminiwa maji ya dripu, mengi na kwa haraka. Ndivyo walivyofundishwa wote. Lakini Gwamaka alikuwa ameona baadhi yao wakivimba, wakihema, kisha wakinyamaza. Akauliza, "Haya maji yanawaokoa, au yanawazamisha?" Wenzake walicheka. Alipouliza tena walikasirika, na ikafika mahali akiketi kula, meza inabaki yake peke yake. Hakuacha. Aliomba vibali mpaka akaruhusiwa kupima: baadhi ya wagonjwa wapate njia ya zamani, wengine wapewe maji kidogo kidogo pamoja na dawa ya kupandisha presha. Asichague daktari wala ndugu. Ichague bahasha iliyofungwa, kama kura.

"Mama, sitakuficha," alimwambia Bupe. "Njia ni mbili, na hatujui ipi ni bora."

"Wewe daktari hujui?"

"Sijui. Ukikataa, tutamtibu kama tulivyotibu watu siku zote. Hakuna atakayekulaumu."

Bupe alimtazama mumewe, aliyekauka midomo. "Na mkijua, mtawaambia wengine?"

"Tutawaambia."

"Basi sawa."

Kazi ya Subilaga ilikuwa kuifungua bahasha. Nanyi mjue kwamba Subilaga na Lusajo waliimba kwaya moja, na siku ya harusi ya Bupe yeye ndiye aliyembebea maua. Zaidi ya hayo, macho yake yalikuwa yameanza kumwambia kwamba wanaopewa maji kidogo wanaamka mapema. Lakini macho hudanganya, ndiyo maana ya kupima. Akafungua: njia ya zamani. Droo ilikuwa wazi, bahasha nyingine zipo, na hakuna aliyekuwa akimwangalia. Alisimama pale. Akimchagulia rafiki leo, kesho atamchagulia jirani, na jibu litakalopatikana litakuwa uongo, nao uongo huo watatibiwa nao watu wote.

Akatundika chupa.

"Imetoka njia ya kawaida, dada," alisema.

"Afadhali," Bupe akajibu, akashusha pumzi. "Afadhali ya tunayoijua."

Lusajo alifariki siku iliyofuata, kabla ya saa sita mchana.

Baada ya matanga, mama mkwe alimwita Bupe uani, mbele ya mashemeji. "Mwanangu umempeleka kuchezewa bahati nasibu," alisema. "Ukaitikia ndiyo. Kwetu usikanyage tena." Tangu siku hiyo Bupe alilima peke yake na kupika peke yake. Alipika ugali wa watu wawili kwa mazoea, akautazama ukipoa. Kwaya ilipopita barabarani ikienda mazishini kwa wengine alisikiliza sauti ya besi, aliyokuwa akiimba Lusajo, akajua pengo liko wapi. Subilaga hakuwa akiimba nao tena. Aliogopa kukutana na macho ya Bupe.

Siku moja Gwamaka alimjia, amelowa mvua. "Mama, una haki ya kumtoa mumeo katika utafiti wetu. Ukisema neno moja, tunamtoa."

"Mkimtoa, kitabaki nini cha kufa kwake?"

Daktari alifuta maji ya mvua usoni.

"Mwacheni," Bupe alisema. "Huku nyumbani hana tena anayemtaja ila mimi."

Mambo yakazidi kuharibika. Uvumi ulipanda vijijini kwamba hospitali inawachezea watu kamari. Ndugu wakawa wanakataa, wagonjwa wakawa wanafichwa majumbani, na utafiti ukakaribia kufungwa bila jibu. Ukaitishwa mkutano wa kijiji. Gwamaka aliongea, akazomewa. Subilaga aliongea, akalia. Ndipo Bupe aliposimama katikati ya watu waliokuwa wakimkwepa njiani.

"Mume wangu alifia pale. Mimi ndiye niliyeitikia. Hawakunidanganya. Waliniambia hawajui, na ni kweli walikuwa hawajui."

Mama mkwe akapaza sauti kutoka nyuma: "Ungeitikia tena?"

Bupe alimgeukia. "Sijui, mama. Kila siku ninajiuliza. Ninachojua, wasipomaliza, mtu wako mwingine ataingia pale, na bado watakuwa hawajui."

Hakuna aliyepiga makofi. Lakini wiki ile ile ndugu wakaanza kuitikia tena.

Utafiti ukaisha. Jibu likatoka: njia ya maji mengi ya haraka ilikuwa inaua wengi zaidi. Ikaachwa. Watu ambao zamani wangezikwa wakawa wanatembea kurudi makwao. Bupe alipoambiwa, alikumbuka lile "afadhali" lililomtoka kinywani, akakaa chini pale pale alipokuwa.

Sasa hospitali imejenga jengo jipya la dharura, na mlangoni litaandikwa jina moja tu. Kamati ya hospitali ikawaita wote watatu.

Subilaga akasema, "Liwe la daktari. Asingeuliza, tungekuwa bado tunawazamisha watu."

Gwamaka akasema, "Bila mkono wa Subilaga, swali langu lingejibiwa uongo. Na bila Bupe lisingejibiwa kabisa. Chagueni mmoja wao."

Mjumbe mmoja akasema liwe la Lusajo, kwani ndiye aliyetoa uhai. Mwingine akambishia: Lusajo hakuulizwa, alikuwa hajitambui, mtu anasifiwaje kwa alichotolewa?

Wote wakamgeukia Bupe.

"Mimi nilitaka apone tu," alisema. Akajifunga kanga, akaaga, akashika njia ya kwake, ambako hakuna wa kumfungulia mlango.

Kamati bado imekaa, na ukuta bado ni mtupu. Aliyeuliza, aliyetii bahasha, aliyeitikia na kusimama, na yule asiyeulizwa: kila mmoja ukimwondoa, jibu linakufa. Haya, wasikilizaji wangu, rangi iko tayari na brashi iko mikononi mwenu. Je, ninyi mngeandika jina la nani?