Mpira wa Mzee Luvanda

Si kila kilicho shimoni kimeanguka, kingine kimefika.

Mmeicheka methali hii, vijana, halafu mnaniuliza imetoka wapi. Ilianza hivi. Kihwele alikuwa tayari njiani kwenda Mufindi, amevaa koti la kuazima, anakwenda kumposea mpwa wake Tito binti wa Mzee Luvanda. Mshenga wa kwanza alikwisharudishwa. Huyu naye akikataliwa, basi tena.

Luvanda alikuwa mstaafu wa mashamba ya chai, mgonjwa wa mchezo wa gofu. Alimpokea mgeni uwanjani, akampa fimbo.

"Posa naisikiliza huku nikicheza. Haya, piga!"

Kihwele, mkulima wa watu, akaiinua fimbo kama jembe, akaishusha. Mpira haukutikisika. Likang'oka bonge la udongo.

"Unapanda mahindi?"

"Udongo mzuri huu, mzee. Mnauonea bure."

Akajaribu tena. Safari hii ikaruka fimbo, mpira ukabaki. Luvanda akacheka mpaka akakohoa, kisha akapiga wake. Ukavuka kilima, kuelekea kwenye bendera.

"Tangulia ukaniangalizie ulipo. Magoti yangu haya!"

Kihwele akakimbia. Akaukuta ndani ya kishimo, chini ya bendera. Akamwonea mzee huruma. Tena mshenga gani humwacha baba wa binti ainame? Akauchomoa, akaufuta kwa shati, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Pole, mzee. Ulitumbukia shimoni, lakini nimeuokoa."

Luvanda akakaa chini kwenye majani. "Shimo lenye bendera?"

"Hilohilo. Aliyelichimba hana utu."

"Shimo hilo ndilo goli lenyewe! Maisha yangu yote nalitafuta kwa pigo moja! Moja! Nawe umeuchomoa? Ondoka! Na posa yako uende nayo!"

Kihwele akaanza kuondoka, kisha akageuka. "Naenda, mzee. Ila wenzako wakikubishia, nani atawaambia uliingia? Macho yaliyouona ni haya yangu tu."

Luvanda akainuka, akajipangusa majani.

"Rudi hapa, mkwe."

Siku ya harusi Luvanda alisimama akawaambia watu: "Si kila kilicho shimoni kimeanguka; kingine kimefika." Wakaibeba methali hiyo mpaka leo.

Tito na mkewe wanauza mbegu Mafinga. Kwenye klabu ya gofu, wenzake Luvanda walibishana sana, mwishowe wakakubali ushahidi wa Kihwele. Luvanda alifariki akiwa mzee sana. Kihwele hakushika fimbo tena, analima.