Tuzo Iliyokuja na Jina Lake

Haya, wakubwa kwa wadogo, kaeni vizuri, na mwenye kupenda ubishi asogee mbele. Hadithi hii imenigombanisha na watu katika kila mji nilioisimulia, na mingine nimeondoka bila chai.

Katika mji mmoja wa mashamba ya mkonge waliishi wanawake watatu wa kikundi cha taarabu. Mwanaidi alikuwa na sauti: akiita mbuzi wake, huja hata mbuzi wa majirani. Tausi alikuwa na maneno: hutunga shairi wenzake wakiwa bado wanatafuta kalamu. Perpetua alikuwa na mikono: hata akigonga sufuria tupu, wenye magoti mabovu husahau magoti yao.

Ikaingia dini mpya mjini. Wafuasi wakajiita Watu wa Kimya, wakavaa kijivu, na Nabii wao, Elikana, akafundisha kwamba sauti ya mwanamke mbele ya wanaume hufukuza baraka. Wengine wakamcheka, wengine wakamfuata. Na Perpetua, msishtuke, alimfuata, kwa kuwa watu hao walimuuguza mama yake wakati hata ndugu waliona kinyaa. Ila ngoma hakuiacha. Asubuhi ibada, jioni taarabu.

Nabii akamwendea Bwana Shekigenda, mwenye ukumbi walimoimbia. "Watoe wanawake wale."

Shekigenda hakupenda ugomvi wala hasara. "Jumamosi wataimba wimbo mmoja," akasema. "Akiinuka mtu kuwatunza, ukumbi ni wao. Asipoinuka, nawapa waimbaji wanaume."

Taarabu mnaijua. Wimbo ukimgusa mtu, huinuka, hucheza mpaka jukwaani, akamtunza mwimbaji noti mkononi. Mwimbaji asiyetunzwa ni pilau iliyorudishwa jikoni.

Jumamosi Watu wa Kimya wakawahi viti vyote vya mbele, wakajaza na njia ya katikati. Hawakuzomea. Walinyamaza tu, na wa nyuma wakaogopa kuwapita.

Mwanaidi akaimba. Ubeti wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Alishawahi kuzomewa, alishawahi kurushiwa chupa, lakini kimya kama kile hakuwahi kukiimbia. Angekatisha, mambo yangeishia hapo. Akapandisha sauti.

Tausi akaona wimbo unakufa. Akapiga magoti nyuma ya kinanda, akamnong'oneza Mwanaidi maneno mapya, akiyatunga palepale:

*Siku uliyozaliwa, kwa sauti ulilia,*
*Mama akafarijiwa, uhai kausikia.*

Perpetua akaona wanawake wa kijivu wanatazamana. Watu wa Kimya wakisali hawasemi neno; hujigonga vifua kwa viganja, polepole, wote pamoja. Perpetua akaupiga mpigo huohuo kwenye ngoma yake ya dumbaki. Viganja vya wanawake vikaenda vifuani, miguu ikafuata, na Bi Eliwaza, mke wa Nabii mwenyewe, akainuka.

"Kaa chini!" Nabii akafoka, akimvuta gauni.

"Niachie, baba watoto."

Akacheza mpaka jukwaani. Noti hakuwa nayo. Akavua mtandio wake wa kijivu, akamvika Mwanaidi. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele, na ukawa wao.

Habari zikafika jijini, na wageni wakaja na tuzo: kurekodi albamu nzima katika studio nzuri, kwa msanii mmoja tu. Iliitwa Tuzo ya Mfeministi wa Sanaa, yaani mpigania haki za wanawake, na sharti lake ni kwamba mshindi atamke redioni, "Mimi ni mfeministi."

Albamu hiyo Mwanaidi aliiota tangu hajaolewa. Lakini jina akalikataa. "Nikilisema hilo, kesho mashabiki watadai nachukia wanaume. Na mimi mume wangu namtaka, hata akikoroma."

"Nani kakwambia mfeministi hana mume?" Tausi akacheka. "Kwani pale jukwaani ulikuwa unauza maandazi, shoga? Nipeni mimi! Nitalisema redioni, sokoni, na mbele ya mama mkwe."

"Wewe huwa nyuma ya kinanda," Mwanaidi akasema. " Chupa wananirushia mimi!"

Perpetua akakunja mikono, akawageukia wageni. "Mimi ni Mtu wa Kimya. Nabii kakosea, dini sijaiacha, na hakuna wa kunitoa. Yeye alitaka kunichagulia wakati wa kunyamaza, nyinyi mnataka kunichagulia la kusema. Nipeni tuzo kwa mikono yangu, au rudini nayo."

Kiongozi wa wageni, mama mmoja wa miwani, akaumia. "Wanangu, wenzenu walitukanwa kwa jina hili ili nyinyi mpande jukwaani. Mkilikataa nyinyi, tumwachie nani?"

Hilo likamchoma Mwanaidi. Akakitazama kipaza sauti cha redio kilichowekwa mezani. Akakishika, wenzake nao wakakishika, na hakuna aliyekubali kukiachia.

Sasa ninyi. Bila sauti, wimbo ungekatika katikati. Bila maneno, ungekufa. Bila mpigo, asingeinuka mtu. Yuko aliyetenda akalikataa jina, aliyetenda akalipokea, na aliyetenda akabaki ndani ya dini iliyomkataza. Tuzo haigawanyiki, na mama wa miwani anangoja.

Wewe hapo unayetikisa kichwa, hebu tusikie: ungemkabidhi nani?