Jiwe la Mlangoni

Paukwa!

Pakawa.

Ah, mmeitika kama mnasinzia. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale jua liliwaka, likawaka, mito ikakauka. Maji yakabaki mahali pamoja tu, chini ya kilima, mwisho wa shimo alilolichimba Bibi Muhanga kwa kucha zake mwenyewe. Shimo jembamba! Akiingia mmoja, wa pili hapiti.

Bibi Muhanga akawaambia majirani, "Kunyweni. Ila anayeingia aweke alama, wenzake wajue shimo lina mtu."

"Tumesikia, Bibi!"

Walisikia. Hawakufikiri.

Mama Nungunungu alikuwa na mtoto mgonjwa, ulimi umemkauka. Akachomeka mwiba mbele ya nyumba yake, ndiyo alama hiyo. Akachukua kibuyu, akaingia shimoni.

Bwana Ngiri naye akatundika jani kwake, upande wa pili wa kilima. Akaja, ko! ko! ko! Akachungulia mlangoni pa shimo. Hakuna alama. Akaingia kinyumenyume, kama ngiri wote waingiavyo. Matako mbele, kichwa nyuma.

Chwaa! Miiba ya Mama Nungunungu hiyo.

"Mamaaa! Matako yangu!"

Kibuyu pwaa! Maji yakamwagika. Ngiri akaruka, akagonga dari, udongo ukaporomoka, puu! Wakakwama wote wawili, toka asubuhi hadi jua la utosi.

Bibi Muhanga akasikia mayowe, akachimba, akachimba, akawatoa. Akateka maji, akakimbia kwa yule mtoto. Mtoto halii tena, hana nguvu za kulia. Akamdondoshea tone. Tone jingine. Mtoto akafumbua jicho moja.

Bibi Muhanga akarudi amefura.

"Ngiri! Alama iko wapi?"

"Ipo nyumbani, Bibi. Jani kubwa kabisa. Utaratibu nimeufuata."

"Nyumbani kwako anaiona nani?"

"Mimi."

"Kwani wewe hujijui kama umeingia?"

Mama Nungunungu akasema, "Hata mimi niliweka kwangu, Bibi. Nimekosa."

Bibi Muhanga akaweka jiwe jeupe mlangoni pa shimo. "Alama ni hii moja tu. Anayeingia aingie nalo. Akitoka, alirudishe hapahapa. Usipolikuta, ngoja."

Ngiri akakohoa. "Wazo zuri. Ila jiwe la maana hivi lihifadhiwe kwangu. Mimi ndiye mkubwa hapa."

"Likae kwako! Wenye kiu wote wazunguke kilima kuja kukupigia hodi? Mtoto wa watu nusura afe, wewe bado unatafuta cheo! Leo utakunywa wa mwisho. Keti pale!"

"Kuketi siwezi, Bibi. Miiba."

"Basi simama!"

Akasimama. Wakanywa wote, mmoja mmoja, jiwe likiingia, jiwe likitoka, yeye anatazama.

Funzo ni hili: alama ya wote iwekwe pa wote. Ukiiweka kwako, hujamwambia mtu kitu.

Hadithi yangu imekomea hapo. Anayetaka kubisha akasimame na Ngiri.