Bawa la Mama Kidawa

"Paukwa!"

"Pakawa."

Mbona mnaitika kama wenye usingizi? Sogeeni motoni. Paukwa tena!

"Pakawa!"

Hapo zamani za kale palikuwa na kwale mmoja mjane, Mama Kidawa. Vifaranga wake walikuwa wachanga, ila Kidawa, binti yake mkubwa, alikwisha kuota manyoya ya utu uzima. Kidawa alimpenda mama yake, lakini alimwonea haya. Kila adui alipokaribia kiota, mama alishusha bawa, akachechemea, akalia, "Bawa langu, jamani, bawa langu!" Adui humfuata huyoo, mpaka mbali. Kisha mama huruka, akarudi nyumbani mzima.

Akaja kicheche, mama akachechemea. Akaja paka mwitu, mama akachechemea. Mabinti wa kanga, majirani zao, wakacheka mpaka wakakaa chini.

"Mama, unaniaibisha," Kidawa akasema. "Kwa nini hupigani kama mama za wenzangu?"

"Nenda kalale, mwanangu."

Mara ya tatu akaja mbweha. "Bawa langu, jamani, bawa langu!" Kanga wakaanza kucheka. Kidawa akahisi uso unamwaka moto, akapaza sauti: "Mama, acha kuigiza! Bawa lako ni zima!"

Mbweha akasimama. Akamtazama mama, akazitazama nyasi.

"Ahaa," akasema taratibu. "Kumbe huku kuna kitu kinafichwa."

Akageuka, akaja ananusa, ananusa, ananusa, kuelekea kwa watoto. Kidawa alitamani kuyameza maneno yake, lakini yalikwisha kutoka.

Mama akajibamiza kwenye mti wa miiba kwa nguvu zake zote. Damu ikachuruzika bawani. Mbweha akaipata harufu, akaacha nyasi, akamfuata.

Kidawa akawafunika wadogo zake.

"Dada, mama anarudi?"

"Anarudi."

Jua likainama. "Dada, anarudi?"

"Anarudi," akajibu, akawakumbatia zaidi.

Jioni nyasi zikatikisika. Alikuwa mama, amemponyoka mbweha vichakani, anakuja akichechemea. Kidawa akamkimbilia.

"Mama, acha sasa. Mbweha ameshakwenda."

Mama akaendelea kuchechemea mpaka kiotani.

"Nenda kalale, mwanangu," akasema.

Basi hadithi yangu imeishia hapo, penye nyasi. Nanyi mkipita huko mkasikia, "Bawa langu, jamani, bawa langu!" msicheke. Siku hizi anayelia ni Kidawa.