Fisi na Supu ya Mzazi

"Hadithi inabisha hodi!"

"Ipite, tumekaa!"

"Inanukia pilipili manga!"

"Ndiyo tunayoitaka!"

Haya, tulieni. Na wewe kule nyuma, acha kutafuna. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba na vyungu kama sisi, alikuwapo Fisi na mkewe, Mwanakheri. Siku moja Mwanakheri akashikwa na uchungu. Fisi akasema anakwenda kuchota maji ya mkunga. Kisima kiko hatua kumi tu, lakini bwana alirudi mtoto keshazaliwa, keshaoshwa, na ndoo haina hata tone.

Mkunga, Bi Kiboko, akaagiza: "Chakula cha mzazi kisikosekane. Bila hicho maziwa hayatoki." Fisi akaitikia kwa adabu zote.

Siku ya kwanza majirani wakaleta uji wa pilipili manga. Fisi akaupokea mlangoni, akaumaliza palepale. Mkewe alipouliza, akajibu, "Si wamesema ni wa mzazi? Na mimi si mzazi? Huyu mtoto nimemwokota?"

Siku ya pili ikaja supu ya kuku. Akainywa, akaramba na chungu. Si mzazi? Siku ya tatu ikaja supu ya kongoro. Mzazi akaikomba, akajinyoosha kitandani, akalalamika kwamba uzazi unachosha. Loo, jamani! Wengine wamezaliwa bila soni.

Mwanakheri alikuwa hoi. Kifua kimekauka, mtoto ananyonya hapati kitu, na kilio chake kimeanza kufifia. Hapo ndipo alipoogopa kweli. Akajua kwamba akigombana na Fisi atashindwa kwa maneno. Basi akamwita Bi Kiboko, akamweleza kwa upole kwamba nyumba hii ina wazazi wawili, na huyu mkubwa hajahudumiwa tangu ajifungue.

Bi Kiboko akaelewa. Akachemsha maji, akachovya kitambaa, akamkanda Fisi tumbo. Fisi akaruka. Akamkanda kiuno. Fisi akapiga ukelele ambao haujawahi kusikika kwa fisi, na kelele zao mnazijua. Kisha Bi Kiboko akamfunga mkaja, ile nguo ya kumkaza mzazi tumbo na kiuno, akaukaza kwa goti, hata kongoro zote zikapanda kooni.

"Bado siku thelathini na saba," akasema Bi Kiboko. "Mzazi hatoki nje mpaka arobaini."

"Mimi si mzazi," Fisi akalia. "Mimi ni baba tu."

Mwanakheri akamtazama. "Baba tu ndiye achotaye maji, apikaye supu na afuaye nepi. Chagua."

Fisi akachagua ubaba mbiombio. Akachota, akapika, akafua, mkaja ukiwa bado umembana, maana Bi Kiboko alikataa kuulegeza. Jioni Mwanakheri akanywa supu bakuli mbili. Kesho yake mtoto akanyonya, akashiba, akacheua.

Ndiyo maana mpaka leo fisi kiuno chake kimeporomoka.

Funzo lake ni hili: mke akijifungua, mume ahudumie kwanza, kula atakula baadaye.

Hadithi yangu inaaga hapa. Aliyecheka ajichekee, na aliyenuna aende nyumbani akaangalie mkewe amekula nini.