Kofia ya Kwanza ya Fundi Mbaruku

Hapo zamani, na msinitolee macho, si zamani ile ya fisi na sungura, ni zamani ya umeme na televisheni, palikuwa na fundi wa kudarizi kofia mtaa wa Ngamiani, mjini Tanga. Jina lake Mbaruku. Kofia zake zilikuwa na vitundu vidogo vya sindano, tundu baada ya tundu, ua baada ya ua, hata bwana harusi akishavaa moja haoni raha kuivua. Kazi hiyo yote aliifanya kwa vidole viwili vya mkono wa kulia, gumba na cha shahada. Vidole hivyo ndivyo vilivyomlisha yeye, mkewe na wanawe.

Siku moja anavuka barabara, yuko na mawazo yake, pikipiki ikamkumba. Mkono wa kulia ukavunjika. Akafungwa plasta, akakaa nayo, ikatolewa. Mfupa ukawa umeunga vizuri. Lakini vidole? Vimekakamaa! Gumba halizunguki, cha shahada hakikunjiki. Akishika sindano, inadondoka. Akiiokota, inadondoka tena. Hospitali wakampa mpira mdogo laini wakamwambia, "Mzee, ubinye huu kila siku. Vidole hivi visipofanya kazi sasa, vitabaki hivyo maisha."

Fundi akaubinya, akalia kwa maumivu. Kesho yake akaubinya, akalia. Keshokutwa akaurusha juu ya bati, na nadhani bado uko huko. Lakini kabla ya kuurusha alishaweka nadhiri mbele ya mkewe: "Mkono huu ukipona, kofia ya kwanza siuzi. Nitamvika aliyeniponya." Na nadhiri mnaijua. Ukishaitamka, imekufunga.

Jirani na fundi alikaa mjane mmoja, Bi Mwantumu, mwenye kibanda cha gemu. Televisheni moja, mashine moja, pedi mbili za kuchezea, mabenchi, na vijana kibao. Gemu lililopendwa kuliko yote lilitokana na katuni ya Kijapani, Mlima wa Ngumi. Watu waliitazama kwanza kama katuni, wakajua nani adui wa nani, kisha wakaja kwa Bi Mwantumu kupigana wenyewe. Sheria ya pale ilikuwa moja tu: anayepigwa anaachia pedi na kurudi nyuma ya foleni. Hakuna cha mjomba wala shangazi.

Fundi Mbaruku, maskini, kazi hana, akawa anakaa kizingitini pa kibanda kile mchana kutwa, mkono juu ya paja, anagumia. Wateja wakaanza kupita mbali. Bi Mwantumu akaona mambo yanaharibika.

"Fundi," akasema, "hebu ingia ndani. Shika pedi hii, japo ujishughulishe."

Fundi akaingia. Akaambiwa achague mpiganaji. Walikuwepo wenye mapanga ya moto, walikuwepo wanaoruka kama panzi. Yeye akamchagua Babu Kigoda, mzee anayepigana akiwa amekaa, ambaye hachaguliwi na mtu. Kibanda kizima kikacheka. Hawakujua sababu.

Sababu ilikuwa Chiriku. Huyo ndiye dijei aliyeitafsiri katuni ile, anaweka Kiswahili chake juu ya sauti za Wajapani. Fundi aliitazama nyumbani wakati amefungwa plasta. Katika katuni ile Babu Kigoda ana mkono uliokufa, na siku moja anauinua mbele ya adui zake, na sauti ya Chiriku inasema: "Mkono wangu ulikufa. Nikaupeleka vitani, vita vikaufufua!" Fundi aliposikia hivyo moyo wake uliruka. Alirudisha nyuma akasikiliza tena. Alilala na maneno yale, akaamka nayo.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Pigo kubwa la Babu Kigoda ndani ya gemu linaitwa Duara. Ili litoke, gumba la kulia lizungushe kijiti cha pedi duara kamili, huku kidole cha shahada kimebana kitufe cha juu bila kuachia. Gumba na cha shahada, ndugu zangu! Vidole vya sindano!

Basi fundi akaketi kupigana. Vijana walimwonea huruma. Huyu anajifanya amekosea, yule anajiangusha makusudi, ili mzee ashinde afurahi. Fundi akawa anashinda kwa mkono wa kushoto tu, wa kulia umelala. Mpaka akaja Zuberi.

Zuberi alikuwa bingwa wa kibanda, dereva wa bodaboda. Na msishtuke: ndiye aliyekuwa kwenye pikipiki ile. Hakukimbia. Alimpeleka mzee hospitali, akaja na wazee wake kuomba radhi, akasamehewa. Lakini kwenye pedi Zuberi hakuwa na adabu hata ya kuombea chumvi kwa jirani.

Fundi akakaa, Zuberi akampiga. "Mzee, achia pedi!"

Bi Mwantumu akasema, "Haachii. Rudieni." Foleni ikanung'unika.

Fundi akakaa, Zuberi akampiga. "Mzee, achia pedi, kalale!"

Bi Mwantumu akasema, "Haachii. Rudieni. Asiyetaka mlango ule pale." Na kweli wengine waliondoka, wasirudi tena.

Ikawa hivyo kila siku. Fundi akakasirika. Akaona mkono wa kushoto hautoshi kwa jeuri ya kijana huyu, sharti Duara. Gumba likasukuma kijiti robo, likakwama. Jasho likamtoka. Maumivu yalikuwa yale yale ya mpira wa hospitali, ila sasa hayakupata nafasi ya kumliza, maana Zuberi alikuwa anacheka. Robo ikawa nusu. Nusu ikakaa sana kuwa nusu. Na kila usiku fundi alijisemea kimoyomoyo, "Vita vikaufufua."

Alasiri moja Babu Kigoda amebakiwa na uhai kidogo mno, Zuberi anakuja kummalizia, mara gumba la fundi likaenda, likaenda, likarudi lilikotoka. Duara kamili! Kigoda kikang'aa, kioo kikajaa mwanga, mpiganaji wa Zuberi akalala chali. Kibanda kikalipuka kwa kelele. Fundi hakuitazama televisheni. Alilitazama gumba lake, akalikunja, akalikunjua, machozi yakimtiririka. Akaenda nyumbani bila kuvaa viatu, akamwomba mkewe sindano. Ikakaa.

Habari ya nadhiri ikasambaa, na ya maneno ya Chiriku yaliyompa fundi moyo. Wakaja watatu barazani kwa fundi, nami nikiwapo.

Bi Mwantumu akasema, "Kofia ni yangu. Ni nani aliyekupa pedi? Nani aliyevunja sheria ya kibanda chake kwa ajili yako, hata wateja wakamkimbia? Usiniulize nitaivaaje juu ya mtandio. Nitaitundika ukutani."

Zuberi akasema, "Shikamoo mzee. Kofia ni yangu. Wote walikuonea huruma, na huruma yao ililaza mkono wako. Mimi nilikupiga kama ninavyompiga mwanamume mwenzangu."

Chiriku akasema, "Kofia ni yangu. Bila sauti yangu usingemchagua Babu Kigoda. Ungechagua mwenye panga, ungeshinda kwa mkono mmoja, na gumba lako leo lingekuwa limekakamaa vile vile."

Hapo wakaanza kuvuana nguo. Zuberi akamwambia mjane, "Shangazi, wewe ulimwingiza ndani kwa sababu alikuwa anakufukuzia wateja!"

Bi Mwantumu akajibu, "Na wewe ulimpiga kwa kupenda sifa. Tena mkono wenyewe ulivunjwa na nani? Mvunja nyumba apewe zawadi kwa kushika mwiko wa uashi?"

Kisha wote wawili wakamgeukia Chiriku. "Na wewe, Kijapani ulijifunzia wapi?"

Chiriku akainamisha kichwa. "Fundi, nisamehe. Kijapani sijui hata neno. Nilitazama midomo, nikabuni. Pengine mzee yule alikuwa anaagiza chai."

Fundi Mbaruku akamwangalia, midomo inamtetemeka. Nikadhani atamtukana. Kumbe kicheko! Akacheka mpaka akashika mbavu, na machozi yakaja pamoja na kicheko.

"Wanangu," akasema, "na wewe dada yangu Mwantumu. Mponyaji ni Mwenyezi Mungu, hilo halina ubishi. Lakini alipitia kwenu. Wewe ulitaka nitoke kizingitini, nikatoka. Wewe ulitaka sifa, mimi nikapata gumba. Na wewe uliniongopea, na uongo wako ndio uliokuwa ukinilaza usingizi. Makosa yenu nimeyasikia yote, na sioni hata moja ambalo ningependa lisitendeke, hata ile pikipiki nimeshaacha kuinung'unikia. Nawashukuru. Nawashukuru mpaka sijui nianzie wapi."

Kweli hakujua aanzie wapi. Maana kofia ya kudarizi haishonwi hewani. Kwanza fundi huchukua uzi, akauzungusha kichwa cha mwenye kuivaa, akafunga fundo, ndipo akate kitambaa. Ikishakatwa kwa kichwa kimoja, kingine itakibana au itakifunika macho.

Fundi akasimama katikati ya baraza na uzi wake, ameushika kwa gumba na cha shahada, haudondoki. Watatu wamekaa mbele yake, kila mmoja kainamisha kichwa apimwe. Mkewe ametoa chai, chai imepoa. Mpaka nilipoondoka mimi, uzi ulikuwa bado mkononi.

Haya, nyie mliocheka wakati wote huu, sasa semeni. Ungekuwa ni wewe mwenye mkono ule, je, ungeuzungusha uzi kichwa cha nani?